Omuhesi, Kerezo na Hesi: Mambo Machache ya Historia ya Ufundi wa Chuma katika Bukoba na Muleba

Nia ya makala haya ni kueleza historia ya maneno machache ya ufundi wa chuma kama yasikikavyo katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Hasa nitashughulika na maneno yahusuyo kazi moja ndogo, ambayo kwa mtu asiye fundi haionekani kuwa na historia yo yote: kazi ya kukata hesi ndani ya tundu la chuma ili bolti ipate kuingia, nayo iingie wima bila kulala upande. Wataalamu wa lugha yetu wamezoea kuchungua maneno ya mashairi, ya dini na ya sheria. Maneno ya karakana wameyaacha yajitafutie riziki yenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioyaacha.

Kilichonitia katika uchunguzi huu ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimerejea kutoka ng'ambo na shahada yangu ya udaktari ingali mpya mkobani, nilipewa orodha ya maneno iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi wa mitambo, niisahihishe Kiswahili chake. Nilikuta mtungaji ameandika *nyuzi* kila alipotaka kutaja ile mistari izungukayo bolti. Nikaona kuwa hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza, nikaifuta pote pote, na mahali pake nikaandika *hesi*, neno la pwani lenye heshima yake. Kadhalika pale alipoandika *mashine ya lethi* nilitia *kerezo*. Nilirudisha orodha nikiwa nimeridhika sana nafsini mwangu.

Baadaye nilifika Bukoba kwa shughuli nyingine, nikaingia katika karakana moja karibu na soko. Fundi mkuu wa pale, mzee wa makamo ya miaka sabini hivi, alikuwa na nakala ya orodha ile. Aliifungua penye hesi, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, huyu hesi ni nani? Kwetu omuhesi ni mhunzi. Sasa hapa mmeandika kwamba hesi hukatwa kwa mafuta kidogo kidogo." Vijana waliokuwapo walicheka mpaka wakaweka chini vyombo vyao. Nami nilicheka, lakini swali lake halikunitoka.

Tuanze basi na huyo omuhesi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia.

Katika Kihaya, kama katika Kinyoro na Kinyankole, *omuhesi* ndiye afuaye chuma, na jina hilo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kufua. Kiganda kinasema *omuweesi*. Ufundi huo katika nchi ya Wahaya ni wa kale mno. Mwaka 1969 na 1970 mwanaakiolojia kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliongozwa na masimulizi ya wazee hadi Katuruka, kijiji kisicho mbali na Maruku katika iliyokuwa himaya ya Kyamutwara. Pale palikuwa na mti uitwao Kaiija, na wazee walisimulia kuwa mfalme Rugomora Mahe aliwaagiza wahunzi wake wamfulie mnara wa chuma upate kufika mbinguni. Schmidt alichimba mahali alipoonyeshwa, akapata mabaki ya kazi ya chuma pamoja na mkaa, na vipimo vya mkaa huo vilionyesha umri wa miaka 2,000 na zaidi. Baadhi ya tarehe za mwanzo kabisa zimebishaniwa na wataalamu wengine. Lakini kwamba chuma kiliyeyushwa katika mwambao huu wa ziwa tangu karne za kwanza baada ya Kristo, hilo halina ubishi. Machimbo mengine yaliyofanywa baadaye upande wa Kemondo yalithibitisha habari hiyo.

Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee walioyeyusha chuma katika ujana wao wajenge tena tanuri. Wazee walijenga, wakachoma majani ya bwawani ndani ya shimo la tanuri, wakapanga mirija ya udongo iliyoingia ndani kabisa ya tanuri, wakavukuta. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, waandishi wakidai kuwa hewa iliyopita katika mirija ile ilipata moto kabla ya kufika penye mkaa, jambo ambalo Ulaya ililigundua katika karne ya 19 tu. Dai hilo nalo limepata wapinzani wake. Mimi si mtaalamu wa tanuri, wala sitatia neno. Linalonihusu ni kwamba wazee wale walikuwa na jina kwa kila kitu walichokishika, na majina hayo yote yalikuwa ya Kihaya. Kiswahili hakikuwapo katika kazi ile hata kidogo.

Yule mhunzi wa zamani alifua majembe, visu, shoka na mikuki. Hermann Rehse, aliyeandika habari za Kiziba katika kitabu chake cha mwaka 1910, aliwakuta mafundi hao wangali kazini. (Msomaji apitaye Kamachumu, huko Muleba, asidanganyike kudhani kuwa jina la mji huo lina chuma ndani yake. Masikioni mwa Mhaya lina sauti ya *amachumu*, yaani mikuki, na neno hilo ni jamaa wa *effumu* la Kiganda na *fumo* la Kiswahili cha kale.) Unyoofu aliujua vizuri. Mkuki ambao kichwa chake hakikuelekea sawa na mpini wake haufai kitu, na mhunzi aliupima kwa kuuinua mbele ya jicho moja. Lakini hesi hakuijua, kwa sababu hakuihitaji. Vitu vyake vilishikana kwa kuchomekwa, kwa kukunjwa na kwa kufungwa.

Sasa je, *omuhesi* na *hesi* yana uhusiano? Swali la mzee wa Bukoba lilikuwa la mzaha, lakini nimekwisha kusikia watu wenye elimu wakilijibu kwa ndiyo, wakisema kuwa pwani ilipokea neno kutoka bara pamoja na biashara ya chuma. Dhana hiyo inapendeza, lakini haisimami. Sauti /h/ ya Kihaya mahali kama hapa hulingana na /w/ ya Kiganda na /p/ ya Kiswahili. Mhaya husema *okuha*, Mganda *okuwa*, Mswahili *kupa*. Mhaya husema *okuhumula*, Mganda *okuwummula*, nasi tuna *pumua* na *pumzika*. Pembe ya mnyama kwa Kihaya ni *eihembe*. Kwa hiyo kama shina la *omuhesi* lingalikuwamo katika Kiswahili tangu asili, lingalikuja na /p/, na mhunzi tungalimwita *mpesi* au jina la namna hiyo, nasi hatumwiti hivyo. Ama kama lingalikopwa karne hizi za karibuni, lingalikuja na maana yake ya kufua au ya mfuaji, si na maana ya mzunguko wa parafujo, kitu ambacho wakopeshaji wenyewe hawakuwa nacho. Ni sauti mbili zilizokutana njiani kwa bahati tu, kama wageni wawili wenye jina moja.

Hesi ni neno la pwani, nalo huko pwani lilikaa na jamaa zake wa kazi. Mmoja ni *parafujo*, tuliloachiwa na Wareno. Mwingine ni *kerezo*, pamoja na kitenzi chake *kereza*. Mafundi wa Lamu na Unguja walikereza matendegu ya vitanda, nguzo ndogo za viti na vijiti vya madirisha. Kerezo lao lilikuwa la upinde: kamba ya upinde ilizungushwa juu ya mti unaokerezwa, fundi akausukuma upinde na kuuvuta, na mti ukazunguka mbele kisha nyuma, nyuma kisha mbele, patasi ikikata mti uzungukapo kwa mbele tu. Yafaa msomaji alishike jambo hili, kwa maana lina uzito katika hadithi yetu. Chombo kizungukacho mbele na nyuma chaweza kutoa umbo la duara zuri kabisa, lakini hakiwezi kwa urahisi kuchonga mstari mmoja usiokatika, upandao kwa kipimo kilekile kutoka mwanzo wa kijiti hadi mwisho wake. Na mstari huo ndio hesi.

Jambo hilo lilitatuliwa Uingereza. Karibu na mwaka 1800 Henry Maudslay, fundi wa London, alitengeneza kerezo la chuma lenye parafujo ndefu ubavuni. Parafujo hiyo iliungwa kwa magurudumu ya meno na kichwa kinachozungusha kazi, ikalisukuma jino la kukatia mbele kwa kadiri ileile kila kazi ilipozunguka mara moja. Kwa kubadili magurudumu fundi alipata hesi pana au nyembamba apendavyo. Ndipo likazuka tatizo lingine: kila karakana ilikata hesi zake kwa kipimo chake, na nati ya fundi huyu haikuingia katika bolti ya fundi yule. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Maudslay, alitoa pendekezo lake mwaka 1841: pembe ya hesi iwe digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi moja ya hesi kwa inchi. Bolti ya nusu inchi, kwa mfano, ilipewa hesi 12 kwa inchi. Wamarekani walichagua pembe ya digrii 60 mwaka 1864 kwa shauri la William Sellers, na nchi za Ulaya zilizotumia mita zikakubaliana juu ya kipimo chao katika mkutano wa Zürich mwaka 1898, pembe ikiwa pia digrii 60. Hivyo dunia ikawa na madhehebu ya hesi kama ilivyo na madhehebu ya dini, na waumini wake hawaingiliani.

Madhehebu hayo yalifika Bukoba kwa zamu. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapo Novemba 1890, na Mapadre Weupe wakaweka misheni yao Kashozi mwaka 1892. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, meli za mvuke zikaanza kuizunguka Victoria, na kwa mara ya kwanza watu wa Bukoba wakaviona kwa karibu vitu vilivyoshikwa kwa bolti maelfu kwa maelfu. La ajabu ni kwamba Wajerumani wenyewe siku hizo walitumia sana hesi za Whitworth, ijapokuwa nchi yao ilikuwa ya mita. Kwa hiyo Waingereza waliposhambulia Bukoba Juni 1915 na kuharibu mnara wa simu ya upepo, na kisha kuitwaa nchi mwaka uliofuata, mafundi hawakuona badiliko katika masanduku ya nati. Inchi ilibaki inchi.

Majembe na vyuma vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha kushusha bei, na moto wa tanuri za kuyeyushia ukazimika katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Omuhesi hakutoweka, alibadili malighafi: badala ya kuyeyusha mawe alifua vyuma vikuukuu. Wakati huohuo mafundi wa Kihindi, na hasa Makalasinga, waliokuja na reli na meli walileta jiliwa, tupa za aina aina na makerezo ya chuma, na vijana wa Kihaya waliingia kwao kama wasaidizi. Hapo ndipo Kiswahili kilipoingia katika chuma cha Buhaya. Mhindi hakujua Kihaya, Mhaya hakujua Kipunjabi, na lugha iliyobaki katikati ya jiliwa ilikuwa Kiswahili cha kazi, kifupi, chenye amri nyingi na adabu chache. Neno lenyewe *karakana* limepita katika njia hiyo ya Uajemi na Uhindi. Lakini fundi wa reli hakuwa ametoka Lamu. Hakujua kerezo wala hesi. Alisema kwa Kiingereza cha karakana, na msaidizi wake akasikia *lethi*, *tepu*, *dai*, *bolti*, *nati* na *spana*. Maneno ya pwani hayakushindwa vita. Hayakufika uwanjani.

Kahawa ndiyo iliyoyatia nguvu maneno hayo. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima kiliundwa Bukoba mwaka 1950, viwanda vya kukoboa vikapanuka, na katika miaka ya 1960 kikaongezeka kiwanda cha kahawa ya unga, Tanica. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Kila mtambo ulihitaji fundi karibu nao. Baada ya hapo majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa mwaka 1978, daraja la Kyaka likavunjwa na kiwanda cha sukari kikaharibiwa, na vita vilipokwisha ikafuata miaka ya ukata ambayo vipuri havikupatikana kwa fedha wala kwa dua. Wazee wa karakana huizungumza miaka ile ya mwanzo wa 1980 kwa namna ya fahari. Bolti isiyopatikana ilikerezwa. Nati ilitobolewa na kukatwa. Fundi mmoja wa Muleba aliniambia kuwa katika miaka mitatu hakununua bolti hata moja, bali alizizaa zote mwenyewe.

Na hapa sina budi kueleza kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa kazi hatuwezi kuyapima maneno.

Kukata hesi ndani ya tundu hutumia chombo cha pua chenye meno, ambacho karakanani huitwa *tepu*. Huja kwa seti ya tatu: ya kwanza imechongoka mbele ili iingie kwa urahisi, ya pili imechongoka kidogo, ya tatu hukata mpaka chini ya tundu lisilotokeza. Kwanza tundu hutobolewa dogo kuliko bolti. Kanuni yake ni nyepesi: twaa unene wa bolti, toa umbali wa hesi moja hadi nyingine. Kwa bolti ya milimita 12, ambayo umbali huo ni milimita 1.75, tundu huwa la milimita 10.2 au karibu na hapo. Kisha tepu hutiwa na kuzungushwa kwa mikono miwili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili kukata chembe za chuma, na mafuta kidogo. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu.

Taabu yake ni kwamba mikono miwili ya mwanadamu haina nguvu sawa. Tepu inapoanza kuuma haijashikwa na kitu ila ukingo wa tundu, na ikiinama pale mwanzoni itaendelea kuinama hadi mwisho, kwa sababu meno yake yaliyotangulia ndiyo yanayoongoza yanayofuata. Digrii moja tu ya kuinama, katika bolti yenye urefu wa milimita 100, hukipeleka kichwa chake kando kwa milimita 1.75. Kichwa cha bolti hukalia ukingo mmoja badala ya kukaa bapa, na mzigo wote huwa upande mmoja. Mtambo ukitetemeka, bolti hupindwa kidogo kila mara, mpaka siku moja hukatika.

Kerezo huondoa taabu hiyo kwa njia ambayo, ukiiona mara ya kwanza, unashangaa jinsi ilivyo rahisi. Kipande cha chuma hubanwa katika kichwa chenye taya, uso wake hukwanguliwa uwe bapa, kituo hutiwa alama, tundu hutobolewa na ukingo wake huchongwa kidogo, yote haya bila kukitoa kipande mahali pake. Hilo la kutokitoa ndilo moyo wa kazi nzima, kwa kuwa uso, tundu na hesi vyote vinatokana na mhimili mmoja. Kisha fundi hutwaa tepu, ambayo nyuma yake ina kitundu kidogo chenye umbo la pia, akakitegemeza kitundu hicho kwenye ncha ya kile kichwa cha mkiani kinachotazamana na taya. Mbele tepu imeelekea tundu, nyuma imeshikwa na ncha, basi haina pa kulala. Mtambo hauwashwi. Fundi huizungusha tepu kwa mkono, na mkono wa pili huisogeza ile ncha taratibu iifuate. Isisukume: tepu hujivuta yenyewe, na akiisukuma kwa haraka hesi za kwanza hupondeka.

Nimeeleza kazi ya kipande kiwezacho kubanwa. Lakini mengi yaliyoharibika vijijini hayabaniki. Hayo niliyaona katika jamaa yangu mwenyewe. Mjomba wangu katika kata moja ya Muleba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na kifuniko cha beringi yake kilishikwa na bolti nne. Hesi za tundu moja zilipoliwa, alimwita kijana mmoja akalikata upya kwa mkono, palepale, usiku, kwa mwanga wa tochi. Bolti ililala. Kwa wiki chache mashine ilisaga vizuri. Kisha bolti ile ilikatika, zile tatu zikalegea, kifuniko kikapasuka, na kipande chake kilimpata kijana wa kazi begani. Alipona, ila bega lake hulalamika mpaka leo majira ya mvua. Mjomba alisema ni bahati mbaya. Mzee wa karakana ya Bukoba, nilipompelekea beringi, aliiweka bolti ya majaribio katika tundu, akaiinua mbele ya jicho moja, akasema: "Mwalimu, hii haikuwa bahati."

Ule mwinuko wa jicho moja nilikuwa nimeusoma katika maelezo ya wahunzi wa mikuki.

Aliyoyafanya ni haya. Nyumba ya beringi ilikuwa kubwa mno kwa kerezo lake. Kwa hiyo alitwaa kipande cha chuma, akakibana katika kerezo, akakikwangua uso na kukitoboa tundu lililolingana barabara na unene wa tepu, katika mzunguko uleule wa uso. Akakifunga kipande hicho juu ya nyumba ya beringi, uso wake umekalia uso wa nyumba, na tepu ikapitishwa ndani yake. Hivyo unyoofu ulizaliwa katika kerezo ukabebwa hadi mahali ambapo kerezo lisingeweza kufika. Tundu lililoharibika lilipanuliwa kwanza, likapokea bolti nene zaidi. Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Lakini kabla ya kukata alimwuliza mjomba swali lililonifungua macho: "Mzee wangu, mashine hii ni ya nyuzi za inchi au za milimita?" Mjomba hakujua. Mashine ilikuwa kuukuu ya Kiingereza, na bolti zilizonunuliwa dukani mjini zilikuwa mpya, za milimita. Siku hizi mitambo mingi ya Uchina, Uhindi na Ujapani ni ya milimita, na ile ya kale ya misheni na ya viwanda vya kahawa ni ya Whitworth, zikikaa katika wilaya moja na mara nyingine katika mtambo mmoja. Bolti ya milimita 12 huingia katika nati ya nusu inchi, maana nusu inchi ni milimita 12.7. Huzunguka mara chache, kisha hukaza. Asiyejua hudhani imeshika. Kumbe imeshika kwa ncha za hesi chache tu, kwa kuwa umbali wa hesi za huyu ni 1.75 na wa yule ni karibu 2.12, nazo zimegombana tayari.

Mzee yule hubainisha kwa kuhesabu. Huweka rula juu ya bolti na kusema "nyuzi kumi na mbili kwa inchi". Nikajaribu kimoyomoyo kusema hivyo kwa neno langu: *hesi kumi na mbili kwa inchi*. Nimeandika hivyo hapo juu, msomaji ameona, na sarufi inaruhusu. Lakini katika kamusi za zamani hesi ni parafujo nzima, au ule msokoto wake wote. Anayesikia "hesi kumi na mbili" ana haki ya kuleta parafujo kumi na mbili. Neno *uzi* lina wingi wake ulio wazi, nalo hutaja mstari mmoja uwezao kuguswa kwa ukucha na kuhesabiwa. Nililifuta kwa sababu lilizaliwa kwa tafsiri. Sikuuliza kama limekwisha kukua na kuanza kazi.

Wala si mimi wa kwanza kuteleza hapo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilikuwa na shughuli kubwa ya kusanifisha tahajia na vitabu vya shule, na lahaja ya Unguja ndiyo iliyokuwa kipimo tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ilikuwa halali kwao kulitafuta neno la ufundi Unguja kwanza. Kazi ya Kamati ilirithiwa na Taasisi ya chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1964, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo katika miaka ya 1970 lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Yote hayo yamefanywa kwa bidii isiyopaswa kudharauliwa. Walakini mwelekeo wa safari ulikuwa mmoja: kutoka kamusini kwenda karakanani. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyounda mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, vijana wengi hujifunza kerezo katika vyuo, na mwalimu huwaeleza kwa Kiswahili mambo ambayo michoro na vitabu vimeyaandika kwa Kiingereza. Kijana aliyekata tundu la mjomba wangu alikuwa amepata kukaa darasani. Aliniambia alisoma juu ya kuhakikisha "uwima wa hesi", akaiandika katika daftari na kuijibu katika mtihani. Hakuna aliyemwambia kwa maneno aliyoyazoea kwamba tepu isilale.

Nimekwisha kuandika upya orodha ile. *Hesi* nimeliacha kwa msokoto mzima, kama vile tusemapo kuwa bomba hili lina hesi na lile halina, au kwamba hesi yake ni ya kushoto. *Uzi* na *nyuzi* nimeyarudisha kwa mistari ihesabiwayo, na kwa ile hali ya kuliwa. *Kerezo* nimelitetea, wala sikuona upinzani. Vijana walipokwisha kulielewa walilitumia bila kuona haya, na kitenzi *kereza* walikuwa nacho tayari, kwa kuwa maseremala wa viti hulitumia. Kulala na kusimama kwa tepu nimeviingiza vyote viwili. Kimebaki kile kipande cha chuma chenye tundu la kuiongoza tepu, ambacho orodha ya kwanza haikukitaja kabisa. Nilipouliza jina lake, mzee alisema hakina jina, ni chuma tu. Lakini mmoja wa wanafunzi wake, aliyekuwa akikifuta mafuta, alikiita *kiongozi*, nikaandika hivyo.